Sifuri ya Mbele

17 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia ili tusipoteze mstari, maana barua hii si ya salamu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu siiamini tena, na aliyeifikisha hapo ni wewe. Ulipokuja likizo uliikuta mezani, ukafungua orodha ya majina, ukacheka. Ukasema, Babu, hii ni orodha au kabati la mtu aliyehama jana? Nikakwambia uiache. Nikaenda kuoga. Nilipotoka ulikuwa umeshaipitisha orodha yote kwenye kompyuta yako ya kazini na kuirudisha, ukanitangazia kwamba sasa namba zote zimevaa sare.

Kweli zimevaa sare. Kila moja ina alama ya kujumlisha mbele na msimbo wa nchi, na nafasi za katikati umezifuta zote, tarakimu zimebanana kama watu kwenye foleni ya benki. Jumapili saa kumi nilikaa kwenye kiti changu nimpigie dada yangu, kama nilivyompigia kila Jumapili tangu nilipoondoka kwetu. Nikafungua jina la Dada, nikapiga kama ilivyoandikwa. Akapokea mwanamke wa karakana ya matairi, hapahapa mjini. Akaniuliza gari liko wapi. Nikamwambia sina gari, namtafuta dada yangu. Akasema yeye ana kaka mmoja tu na anamjua sauti.

Nilipotulia nikaliona kosa la kwanza. Namba za kwetu nilizihifadhi kama zinavyopigwa na mtu aliyeko kwetu, kwa sifuri mbele. Msimbo wa kuvukia mpaka huwa nauongeza mwenyewe kwa kidole, kila ninapopiga. Wewe uliziona sifuri ukadhani wote ni wa hapa, ukawapa uraia wa nchi hii kwa mkupuo mmoja. Wengine tumekaa foleni miaka mingi kuutafuta.

Basi nikatoa msimbo wa hapa, nikaweka wa kwetu. Akapokea yule Dada wa zahanati, muuguzi aliyenishona goti nilipokuwa kijana. Ni mstaafu sasa. Alifurahi mno, akanisimulia magoti yake mpaka chai yangu ikapoa. Hapo nikaliona kosa la pili. Nilikuwa na Dada watano kwenye simu. Sasa ninaye mmoja.

Utauliza kwa nini wote niliwaandika Dada. Kwa sababu hao ni wakubwa zangu na siwaiti majina, na sikuona kwa nini simu yangu iwe na ruhusa ambayo mimi sina. Niliwatofautisha kwa nafasi. Kila mtu hutaja namba yake kwa pumzi yake. Yupo anayeitaja tatu tatu, yupo anayepumzika baada ya mbili, yupo anayeimaliza yote kama anayefukuzwa. Mimi niliandika wanavyopumua. Nikiona nafasi nilijua ni nani.

Sasa sikiliza kilicho kizito. Dada yangu amebaki peke yake kwenye nyumba ya wazazi wetu. Mwanawe, yule Mkandarasi, anataka kuikatakata iwe vyumba vya kupangisha. Dada amemkatalia kwa sharti moja, na sharti hilo alinitajia na mimi. Alisema, "Siku Jumapili tatu zikipita hujapiga, nitajua nyumba hii haina anayeiulizia, na mwanangu nitamwambia sawa." Yeye mwenyewe hapigi. Sheria ya familia yetu unaijua. Aliyeondoka ndiye apige.

Namba ya simu ya mezani ya nyumba ile naijua kuliko jina langu, lakini mwaka jana Dada alisema imekatwa, akanipa namba ya simu ya mkononi ambayo sikuwahi kuishika kichwani. Uliiandika wewe, kwa kidole chako, na kumbukumbu za simu nilizopiga huwa nazifuta kila jioni. Tangu hapo akipokea anasema, "Naam, mdogo wangu," kwa kuwa jina langu linamtokea kwenye kioo. Zamani alikuwa akinyanyua mkono wa simu na kusema neno moja tu, "Nyumbani," kabla hajajua ni nani anayepiga. Nalikosa neno hilo, lakini simu mpya zina adabu zake.

Namba ya Mkandarasi nayo imekwenda. Nilikuwa na Mpwa kadhaa. Umenibakishia mmoja, na huyo ni fundi cherehani ambaye si mpwa wangu hata kidogo.

Jumapili moja imeshapita. Nirudishie watu wangu kama walivyokuwa.

Babu yako


21 Februari

Babu,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Mimi sikulelewa kuruka salamu.

Barua yako nimeisoma kazini, nimejificha nyuma ya kioo cha kompyuta kama mwanafunzi. Nikacheka kwenye fundi cherehani. Nilipofika kwenye Jumapili tatu nikaacha kucheka.

Nianze na nisichokiombea radhi. Ofisi yetu inatuma ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa siku zao za hospitali. Kila asubuhi tunaletewa orodha kutoka kila kona, na ungeona namba zinavyoandikwa ungelia. Yupo aliyeandika mbili kwenye kisanduku kimoja, moja yake na moja ya mumewe, akaweka "au" katikati. Yupo aliyeandika "piga kwa jirani." Mwaka juzi, kabla sijaajiriwa, mama mmoja alikosa siku yake ya kufanyiwa upasuaji wa jicho kwa sababu namba yake iliingia na sifuri isiyotakiwa, ujumbe ukaenda hewani. Jicho lile halikungoja. Picha ya jedwali lenye namba yake bado imebandikwa ukutani, juu ya meza yangu. Kwa hiyo alama ya kujumlisha siiombei radhi, Babu. Namba isiyo na msimbo haijui kwao ni wapi.

Naomba radhi kwa Dada wanne. Hapo nilikosa. Kompyuta yetu imezoeshwa kwamba majina mawili yakifanana ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, inabakisha mstari wa kwanza na kutupa mingine. Haijawahi kukutana na mtu anayehifadhi watu kwa heshima. Na mimi ambaye nimekutana naye, nimekaa magotini kwake, sikukumbuka. Nilikuwa na haraka ya kukuonyesha ninachokijua.

Kibaya zaidi, nakala ya zamani sinayo. Kanuni ya kazini ni kwamba jedwali la namba za watu likishatumika linafutwa siku hiyohiyo. Nililifuta kwa mikono yangu nikijisifu kwamba nafuata kanuni. Nimemuuliza Mama, anasema namba zote za kwetu huwa anazichukua kwako.

Nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, hatua kwa hatua, jinsi ya kubadilisha msimbo wa hapa uwe wa kwetu kwa wale waliobaki. Tafadhali usiitumie kufungia vitafunio. Na nipigie, Babu. Barua inachukua siku mbili kufika mji wa jirani.

Mjukuu wako, karani mwenye makosa mawili, moja kubwa


2 Machi

Karani wangu,

Karatasi ya pili nimeisoma. Imeandikwa vizuri, kwa hatua, na sitaifuata.

Nikueleze, maana hunijui kwenye jambo hili. Sifuri ya mbele ni ya mtu aliyeko ndani. Anayepiga kwa sifuri yuko kwenye nchi ileile na anayempigia, mvua inawanyeshea wote. Alama yako ya kujumlisha ni ya mtu aliyesimama nje ya mpaka. Mimi kila nikipiga nauvuka mpaka kwa kidole changu, nalijua hilo, silikatai. Lakini kwenye orodha yangu, mahali ambapo hakuna anayenisimamia, dada yangu nimemwandika kama anavyoandikwa kwetu. Unaniambia namba isiyo na msimbo haijui kwao. Hiyo ndiyo namba pekee inayojua. Wageni ndio wanaohitaji kujieleza.

Mama wa jicho amenisikitisha, na ubaki nayo hiyo picha ukutani. Wagonjwa wako wavishe sare. Watu wangu waache na nguo zao.

Jana ilikuwa Jumapili ya tatu. Nilikaa kwenye kiti mpaka jua likaacha dirisha. Nilijaribu kuikumbuka namba mpya kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya aliyepishana naye ngazini. Nikapiga namba za kubuni. Nimeamsha watu. Kwa kuchanganyikiwa nikapiga tena ile ya karakana ya matairi, na yule mwanamke, kabla sijasema kitu, akauliza kama nimeshampata dada yangu. Ni mtu mwema. Amenishauri nibadilishe simu au nibadilishe mjukuu.

Baada ya hapo simu yangu ikaita yenyewe. Kwenye kioo hakukuwa na jina, ila namba ndefu yenye alama ya kujumlisha mbele. Hao matapeli wa kunitangazia kwamba nimeshinda gari nimewazoea, na siku hiyo sikuwa na moyo wa kushinda gari. Nikaiacha iite hadi mwisho. Ikaita tena. Nikaikata. Sikusoma hata tarakimu moja baada ya alama. Kisha nikaizima simu, nikaitia kwenye droo ya soksi, na humo itakaa.

Usiku kichwa hufanya kazi ambayo mchana kimeikataa. Simu ya mezani ya nyumba ile iko kwa jina langu. Baba alinihamishia kabla hajafa, mbele ya karani wa posta, na kufunga laini kunahitaji saini ya mwenye jina. Mimi sijasaini chochote. Basi nani aliikata?

Kesho nitashuka kwa msimamizi wa jengo letu, nimwombe ile simu ya mezani iliyoko ofisini kwake.

Babu yako


4 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa anwani ya nyumba kwa sababu sina nyingine, na sasa najua wewe huko hupo.

Jana nimepiga namba uliyonifundisha wewe kabla sijajua kusoma, ukinitembeza ukumbini na kunifanya niiseme kwa hatua za miguu: sifuri, arobaini na moja, ishirini na saba, tatu. Uliniambia imekatwa. Imeita, Dada. Imeita na ule mkwaruzo wake wa mwanzo, kama mtu anayesafisha koo.

Akapokea mwanamume. Nikauliza ni nani. Akasema yeye ni fundi rangi. Nikaomba niongee na mwenye nyumba, akasema mwenye nyumba ni Mkandarasi na hajafika bado. Nikauliza mama je? Akasema huyo mama alihamishwa zamani, kabla ya mvua, anakaa ghorofani kwa mwanawe. Akaniuliza kama mimi ni mpangaji, maana vyumba vya mbele vimeshawekewa watu.

Nikamwambia, "Mimi ndiye mwenye simu unayoongea nayo."

Akasema, "Basi mzee, simu yako nimeifunika na gazeti isipate rangi." Nimempenda kwa hilo.

Amenieleza kwamba Jumamosi wanakuja watu wa nyundo kutoboa ukuta wa kati ya sebule na chumba cha Baba. Anasema mama ameridhia, Jumapili jioni ndipo alipomwambia mwanawe sawa. Nikamsihi akufikishie maneno yangu. Akanijibu kwamba yeye ni fundi rangi, si tarishi. Nikasihi tena. Akasema ataona. Leo nimepiga tena, inaita tu.

Dada, sikuacha kupiga. Mjukuu alinipangia namba zikafanana zote, wewe ukapotea kati ya kina Dada wengine, na huo ndio ukweli wote, ingawa ukiusoma unaonekana kama uongo wa mtoto. Jumapili tatu nilikaa na simu mkononi.

Umekuwa ukiniambia mwembe umezaa, bomba la uani linavuja, jirani kafuga jogoo asiyejua saa. Uliyaona wapi hayo, ukiwa ghorofani? Hasira yangu ni kubwa. Nimeiangalia vizuri na bado ni kubwa. Lakini kwanza kaa mbele ya huo ukuta. Tutagombana baadaye, kwa simu, kama watu wazima.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Kama umeniandikia, barua yako haijafika. Hii naiandika kwa sababu ya fundi rangi.

Alhamisi alipanda ngazi zote zile akiwa na rangi nyeupe kichwani, mkwe wangu akakataa kumfungulia akidhani ni mwendawazimu. Nikamfungulia mimi. Akasema, kuna mzee amepiga kutoka mbali, anajiita mwenye simu, na kama wewe ndiye dada yake nikwambie hakuacha kupiga. Akageuka akashuka. Hata maji hakungoja.

Sasa nitakueleza, na usinikatishe. Mwaka jana nilianguka bafuni nikavunja nyonga. Mwanangu alinibeba, na hapo alifanya kazi ya mtoto, simlaumu. Akanileta kwake hadi nipone. Nikapona. Kila nikisema nirudi, anasema ngoja kidogo tupake rangi. Nilikudanganya kwamba simu imekatwa kwa kuwa nisingeweza kuipokea nikiwa kwingine, na nisingeweza kukwambia niko kwingine. Ningekwambia ungekosa usingizi, na huko mbali uliko huna njia ya kuja kulala sebuleni. Kwa hiyo nilikuwa nangoja Jumapili saa kumi, nafunga mlango wa jiko la watu, nakuzulia jogoo. Jirani hana jogoo. Mwembe ulikuwepo nilipoondoka.

Neno moja tu lilinishinda. Kusema Nyumbani wakati sipo. Mengine yote niliyasema bila kupepesa macho.

Jumapili ya tatu mwanangu alikuja jikoni akasimama. Nilijua amefuata jibu lake. Nikamwambia atoke. Nikavunja sheria ya familia yetu. Nilijiambia, na mimi si nimeondoka? Basi aliyeondoka apige. Nikakupigia. Mara ya kwanza iliita mpaka mwisho. Mara ya pili ukaikata. Nilisikia inavyokatwa, mdogo wangu, kuna mlio wake. Nikaiweka simu mezani, nikafungua mlango, nikamwambia mwanangu sawa.

Baada ya fundi rangi kuondoka sikumwambia mtu. Jumamosi niliamka kabla yao, nikachukua fimbo, nikashuka. Nilichelewa kidogo. Walikuwa wameshatoboa tundu la kupita mtu, na waya wa simu waliukata humohumo. Nikaomba kiti. Fundi rangi akaniletea kile cha Baba cha mkono mmoja. Nikakiweka ndani ya tundu, nikakaa, miguu chumbani, mgongo sebuleni.

Yule mwenye nyundo akaniuliza nitakaa mpaka saa ngapi. Nikamuuliza yeye ana mama. Akaenda kuvuta sigara nje.

Mwanangu akaja. Akaniambia, "Mama, unanitia aibu mbele ya mafundi."

Nikamwambia, "Neno langu nililitoa kwa sababu ya simu iliyokatwa. Simu imeunganika. Neno nimelirudisha."

Akasema hakuna simu, waya huo hapo chini. Nikamwambia basi ndiyo kazi ya kwanza ya mafundi wake.

Hasemi nami tangu juzi, ila chakula analeta. Simu yake ya mkononi nimeiacha kwake, juu ya jokofu. Siitaki. Fundi wa simu amekuja kuangalia, anasema waya mpya hauna shida, ila foleni yake ni ndefu. Ameahidi kabla mwezi haujaisha. Nimemwambia nina muda, na kiti ninacho.

Nilikudanganya nusu mwaka, nawe ulinikata mara moja. Tutapima siku nyingine ni kipi kizito. Sitakupigia tena. Aliyeondoka ndiye apige, na mimi nimerudi. Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi.

Dada yako


26 Machi

Karani wangu,

Nakutumia nakala ya barua ya dada yangu niliyoinakili kwa mkono. Isome mahali pa faragha, si nyuma ya kompyuta.

Ilipofika nilikwenda kwenye droo ya soksi, nikaiwasha simu. Ile namba bado ipo, imeita mara mbili, Jumapili ya tatu. Safari hii nimeisoma yote. Alama ya kujumlisha, msimbo wa kwetu, kisha namba yenyewe. Ilikuwa yake. Niliyekuwa nikimtafuta kwa namba za kubuni alikuwa anagonga mlangoni kwangu, nami nikamfungia kwa sababu ya alivyovaa.

Sitasema zaidi ya hapo. Wewe umefanya kosa lako ukaliandika kwenye mstari mmoja, na mimi nafanya hivyohivyo. Tangu leo napokea kila anayepiga, hata wa kushinda gari.

Lakini usidhani nimehamia upande wako. Anayepiga aje kwa namba yoyote. Ninayemwandika nitamwandika mimi.

Babu yako


28 Machi

Babu,

Shikamoo. Nimeisoma chooni, mlango nimefunga. Mwenzangu aligonga akidhani ninaumwa.

Jana tumeletewa orodha ya zahanati moja, na ndani yake kina Mama Mkubwa wapo saba. Kompyuta ikataka kubakisha mmoja. Nikaisimamisha. Mkuu wa kitengo akaniuliza nangoja nini, nikamwambia hawa ni watu saba. Akasema majina yanafanana. Nikamwambia majina hayafanani, heshima ndiyo inayofanana, na sitabonyeza mpaka zahanati ithibitishe mmoja mmoja. Akasema nachelewesha kazi. Nikamwambia na aandike kwamba nimechelewesha. Ameandika. Nimesaini.

Na nimeongeza safu mpya kwenye jedwali, pembeni ya ile ya sare. Inaitwa "kama mwenyewe alivyoandika." Humo hatugusi hata nafasi.

Alama ya kujumlisha bado siiombei radhi. Kesho saa kumi nitakaa na mimi, huku kwangu, sipigi mtu.

Mjukuu wako


30 Machi

Karani wangu,

Safu yako mpya imenifurahisha kuliko ninavyotaka kukiri, kwa hiyo tuiache.

Jana nilishuka mapema kwa msimamizi wa jengo. Akaniachia kiti chake, akajifanya ana taa ya kubadilisha korido ya juu. Nikapiga kwa kidole, polepole. Msimbo wa kuvukia kwanza. Kisha arobaini na moja, ishirini na saba, tatu. Ikakwaruza. Ikaita. Nikasikia mkono wa simu ukinyanyuliwa, na kwa mbali, kiti kikiburutwa sakafuni kutoka mahali ambapo kiti hakipaswi kuwa.

Hakuuliza ni nani.

"Nyumbani," akasema.

Nilikuwa nimepanga mengi, na hasira yangu nilishuka nayo nimeikunja vizuri mfukoni. Nikamwamkia tu. Akaitikia. Kisha akaniambia kwamba tundu la ukutani linaingiza upepo mzuri na huenda asiruhusu lizibwe.

Nilipopanda juu nilikuta yule mwanamke wa matairi amenipigia. Nikampigia, nikamwambia nimempata. Akawaambia wenzake, nikasikia karakana nzima ikishangilia.

Halafu nikafungua orodha yangu, nikaandika mwenyewe, kwa kidole changu, herufi moja moja. Kwenye jina: Nyumbani. Kwenye namba: sifuri mbele, na nafasi mahali alipokuwa akinisimamisha nipumue.

Ukija likizo, usiiguse.

Babu yako